Nani Alipie Safari? Funzo Kutoka Treni za Majimbo ya Marekani

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama)



Miaka kumi si umri wa mzee, wala si umri wa kubebwa mgongoni. Mtoto wa miaka kumi hutumwa dukani, naye hutazamiwa arudi na chenji kamili. Twaomba Chama chetu kipimwe leo kwa kipimo hichohicho.

Sifa za Chama zimekwisha kusemwa na Bwana Mwenyekiti, nasi hatutazirudia. Sisi wa ofisi tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo Mkutano huu utaliamua kesho, nalo ni gharama za kusafirisha kahawa kutoka maghala ya vyama vya msingi mpaka kiwanda cha kukoboa. Hoja mbili zimeletwa. Vyama vilivyo kandokando ya lami vyasema kila chama kijilipie lori lake. Vyama vya mlimani vyasema gharama zote ziwekwe kapu moja, kisha zigawanywe kwa kilo. Maneno makali yamekwisha kusemwa pande zote mbili, na msimu uliopita kipo chama kimoja cha mlimani ambacho hakikuleta hata gunia moja, kwa kuwa wakulima wake waliona ni heri kumwuzia mlanguzi mlangoni kuliko kukatwa fedha za lori.

Ugomvi wa nyumbani ni vigumu kuusikiliza kwa utulivu; ugomvi wa mbali husikilizwa vizuri zaidi. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuwasimulie jinsi majimbo ya Marekani yalivyogombania gharama za treni za abiria, yalivyopatana, na yaliyowapata wale waliojitenga.

Sisi wa mikoa hii ya kaskazini hatuhitaji kufundishwa maana ya kukosa gari la moshi. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka ishirini treni za abiria hazikuonekana huku, mpaka ziliporudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Kwetu, kazi hiyo ni ya Serikali Kuu kwa mkono wa Shirika la Reli. Mkoa hauulizwi utatoa fungu gani. Marekani ni vingine. Nchi ile ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, kodi zake na hazina yake. Ndiyo sababu jimbo laweza kuulizwa: Je, watu wako waitaka treni? Basi utalipa kiasi gani?

Zamani treni za abiria huko zilikuwa mali ya makampuni. Motokaa na ndege zilipozidi, abiria wakapungua, makampuni yakapata hasara mwaka hata mwaka. Sheria ikatungwa mwaka 1970, na tarehe 1 Mei 1971 shirika jipya liitwalo Amtrak likaanza kuendesha treni za abiria kwa msaada wa Serikali Kuu. Sheria hiyo iliacha mlango wazi: jimbo likitaka treni zaidi ya zile zilizomo katika orodha ya shirika, liliruhusiwa kuziomba, mradi likubali kubeba sehemu ya hasara. Illinois lilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuingia mlango huo. Mwezi wa Novemba 1971 treni ilianza kwenda kati ya Chicago na Quincy kwa msaada wa fedha za jimbo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, safari moja yagharimu dola 100: mafuta, mishahara ya dereva na makarani, matengenezo ya mabehewa, na malipo kwa mwenye reli, maana sehemu kubwa ya reli za huko ni mali ya makampuni ya mizigo. Tuseme abiria wamelipa nauli ya dola 60. Hizo 40 zilizobaki ndizo ugomvi wenyewe. Mtu aweza kuuliza, kwa nini kuendesha kitu kisichojilipa? Majimbo hujibu kwamba hata barabara haijilipi; kwamba yuko mzee asiyeweza tena kuendesha gari, yuko mwanafunzi asiye na gari, na iko miji ambayo bila treni haina njia nyingine ila barabara iliyosongamana. Nauli hulipwa na msafiri peke yake, bali faida huwafikia na wengine.

Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, hata hivyo, gharama hizo hazikuwa na kipimo kimoja. Treni iliyobahatika kuwamo katika orodha ya mwanzo iliendelea kulipiwa na shirika, yaani kwa kodi ya Wamarekani wote. Iliyoongezwa baadaye ililipiwa na jimbo. Katika jimbo moja la California, treni za Capitol Corridor, zipitazo kati ya San Jose na Sacramento, zilikuwa mzigo wa jimbo, ilhali kwa zile za pwani ya kusini ziitwazo Pacific Surfliner, jimbo lilibeba asilimia 70 na Amtrak asilimia 30. Huko Indiana, treni ya Hoosier State, iliyokwenda kati ya Indianapolis na Chicago, haikuligharimu jimbo kitu. Mwenye kulipa akamtazama asiyelipa, na moyo ukaingia uchungu. Hapa kila mjumbe aliyepata kukaa katika kikao cha makato anajua tunasema nini.

Mwaka 2008 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuondoa tofauti hizo. Ilisema kwamba Amtrak na majimbo wakae pamoja, waunde kipimo kimoja cha kugawanya gharama za njia zote zisizozidi maili 750, yaani kilomita 1,200 hivi, nje ya ile njia kuu itokayo Boston mpaka Washington. Wakishindwa kupatana, bodi ya serikali isimamiayo mambo ya reli ndiyo iamue. Majadiliano yakachukua miaka. Karibu majimbo yote yaliyohusika yalikubali, lakini Indiana halikuridhia. Jambo likapelekwa mbele ya bodi, nayo ikakipitisha kipimo hicho mwaka 2012. Kilianza kutumika mwezi wa Oktoba 2013.

Twaomba mzingatie mambo mawili yaliyomo katika sheria hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha hotuba yetu.

La kwanza: kila njia hubeba gharama zilizofanyika kwa ajili yake peke yake, na zile zilizofanyika kwa faida ya njia nyingi hugawanywa kwa kadiri ya matumizi ya kila mmoja. Anayetumia sana hulipa sana, anayetumia kidogo hulipa kidogo, wala hapana anayelipiwa kwa sababu tu aliwahi kufika.

La pili: treni za masafa marefu, zinazozidi maili 750, hazikutupwa kwa majimbo. Treni iendayo kutoka Chicago mpaka bahari ya Pasifiki hukatiza majimbo mengi, na mengine yana watu wachache mno. Mzigo huo uliozidi nguvu za jimbo moja ulibaki kuwa mzigo wa taifa zima. Kwa hiyo sheria haikusema kila mmoja ajitegemee, wala haikusema kila kitu kiwe kapu moja. Ilipiga mstari: mpaka hapa ni juu yako, kuanzia hapa ni juu yetu sote.

Sasa tutazame yaliyotokea. Tuanze na Maine, jimbo la pembeni kabisa kaskazini mashariki. Treni za abiria kati ya Boston na Portland zilikoma mwaka 1965. Mwaka 1989 raia wa kawaida waliunda chama chao, wakakusanya sahihi za watu wapatao 90,000 kulitaka jimbo lirudishe treni. Mwaka 1995 jimbo likaunda mamlaka maalumu ya kazi hiyo, na mwezi wa Desemba 2001 treni iitwayo Downeaster ikaanza kwenda. Mwaka 2012 ikasogezwa mbele mpaka Brunswick. Tangu sahihi za kwanza mpaka filimbi ya kwanza ilipita miaka 12.

Lakini treni hiyo, ili ifike Boston, lazima ipite katika jimbo la New Hampshire, na husimama huko katika miji mitatu: Dover, Durham na Exeter. Na New Hampshire halichangii gharama za kuiendesha. Bila shaka wako watu wa Maine waliosema: Basi ipite bila kusimama! Haikuwa hivyo. Wapandao katika vituo vile hulipa nauli, na nauli hiyo huingia katika hesabu ileile inayopunguza mzigo wa Maine. Kiti kilichokaliwa na jirani asiyechanga ni bora kuliko kiti kitupu. Hatusemi kwamba jirani amefanya vizuri. Twasema tu kwamba aliyefanya hesabu kwa kalamu aliona lile ambalo mwenye hasira asingeliona.

Pili, Indiana. Kipimo kipya kilipoanza mwaka 2013, treni ya Hoosier State iliyokuwa bure ikawa na ankara. Jimbo lilitoa fungu, na miji iliyo kandokando ya njia, kama Lafayette na Crawfordsville, ikachanga pia. Lakini treni yenyewe ilikuwa dhaifu. Ilikwenda siku nne tu kwa juma, ikachukua muda wa saa tano hivi kwa mwendo wa kilomita 315, ambao mwenye gari huumaliza kwa saa tatu na kidogo. Jimbo lililipa dola milioni 3 hivi kwa mwaka, na wakubwa wake wakasema abiria ni wachache mno kwa fedha hizo. Mwaka 2019 fungu likaondolewa katika bajeti, na tarehe 30 Juni mwaka huo treni ikaenda safari yake ya mwisho. Yabidi kusema haki: hoja ya wakubwa wale haikuwa ya kipuuzi. Jambo ambalo halijajilipa lazima liulizwe maswali. Lakini miji iliyochanga ilikuwa tayari kuendelea, nayo haikuweza peke yake kuuinua mzigo ambao jimbo limeutua. Wenzetu wa njia ile walibakiwa na treni nyingine ipitayo siku tatu tu kwa juma.

Tatu, Oklahoma na Texas. Tangu mwaka 1999 treni ya Heartland Flyer huenda kati ya Oklahoma City na Fort Worth. Oklahoma ndilo lililoianzisha, na baadaye Texas likaingia katika kuchanga. Mwaka 2025 Bunge la Texas halikutenga fungu lake. Treni ilikuwa karibu kufa, mpaka baraza la usafiri la eneo la Dallas na Fort Worth lilipotoa fedha za kuziba pengo kwa muda wa mwaka mmoja. Hapa twaona kwamba ushirika wa watu wawili ni kama mtungi uliobebwa na wawili: mmoja akiachia mkono bila kusema, maji humwagika, hata kama mwenziwe hakuchoka.

Na kikisha kufungwa, kitu cha namna hii hakifunguki upesi. Mji wa Roanoke, katika jimbo la Virginia, ulikosa treni tangu mwaka 1979. Ulipata tena mwaka 2017, baada ya jimbo kukubali kulipia. Kati ya New Orleans na Mobile, treni zilikatizwa na kimbunga Katrina mwezi wa Agosti 2005, zikarudi mwezi wa Agosti 2025 kwa michango ya Louisiana, Mississippi na mji wa Mobile. Kimbunga kilichukua siku chache. Kurudi kulichukua miaka 20.

Liko jambo moja zaidi, nalo latugusa sisi wa ofisi. Baada ya kipimo kimoja kuanza, majimbo hayakunyamaza. Yalilalamika kwamba Amtrak huleta ankara yenye jumla kubwa, bila maelezo ya kutosha kuonyesha kila senti imetoka wapi. Wakaguzi wa Bunge walilichunguza jambo hilo, na sheria ya mwaka 2015 ikaipa nguvu kamati ya pamoja ya majimbo, Amtrak na Serikali Kuu, ili wakae na kusahihisha hesabu zao. Kipimo cha haki hakikutosha. Ilihitajiwa pia daftari iliyo wazi. Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Bwana Mwenyekiti, sasa turudi nyumbani. Sisi si majimbo, wala lori la kahawa si treni. Lakini fimbo ya kupimia ni ileile.

Kwanza twakiri kosa letu. Kwa misimu kadhaa ofisi yetu imepeleka kwa vyama vya msingi mstari mmoja ulioandikwa "makato ya usafirishaji", na jumla mbele yake, basi. Haukuonyesha safari ngapi, lori la nani, wala kilomita ngapi. Mwenye kulipa bila kuonyeshwa hudhani analipia ya mwenzake, na pengine hudhani kweli. Sehemu kubwa ya maneno makali yaliyosemwa yametokana na mstari huo mmoja, nasi ndio tuliouandika. Twaomba radhi mbele ya Mkutano huu.

Pili, kwa ndugu zetu wa kandokando ya lami. Hoja yenu ina haki ndani yake, kama ilivyo katika lile jambo la kwanza la sheria tuliyoitaja. Lakini mfikirie kiti kitupu. Mlinzi wa ghala letu hulipwa mshahara uleule, ghala likiwa limejaa au likiwa nusu. Mkaguzi wa hesabu, ofisi, mizani, hata mshahara wa Katibu anayesema nanyi, vyote hugawanywa kwa kilo. Kahawa ya mlimani ikienda kwa mlanguzi, gharama hizo haziifuati. Hubaki hapa, zikawaangukia ninyi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, kwa maana auonaye kwa mbali huuona mwepesi. Lakini mzigo huu mwenzenu akiutua, atautua juu ya vichwa vyenu.

Tatu, kwa ndugu zetu wa mlimani. Kapu moja lisilo na mstari huharibu mioyo. Asiyejua gharama ya safari yake hataona sababu ya kujaza lori kabla ya kuliita, wala ya kutengeneza daraja la kijiji kabla ya mvua. Nasi tumeona lori likipanda mlima kufuata magunia machache ambayo yangeweza kungoja juma moja. Msaada wa wenzenu ni haki yenu pale ambapo nguvu zenu zimefika mwisho, si kabla ya hapo.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Halmashauri, twauletea Mkutano mapendekezo manne yapigiwe kura kesho pamoja na hoja mbili zilizokwisha kuletwa:

1. Mkutano upige mstari wa umbali. Kila chama kijilipie safari yake mpaka kufikia mstari huo. Umbali unaozidi hapo uwe mzigo wa vyama vyote, kwa kadiri ya kilo za kila chama.

2. Ofisi ipeleke kwa kila chama cha msingi, kila mwezi wa msimu, hesabu ya safari mojamoja: tarehe, lori, kilomita, magunia na fedha. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani mwa ghala, mkulima yeyote aisome.

3. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi kwa muda wa misimu mitatu. Chama kitakachotaka kutoka kitoe taarifa msimu mmoja mzima kabla, ili mwenzake asiachiwe mtungi mkononi.

4. Iundwe kamati ndogo yenye wajumbe sawasawa wa lami na wa mlimani, ikutane kila mwaka kuupima upya mstari na hesabu. Lori litakaloonekana halina faida kwa mtu yeyote liulizwe maswali bila haya. Lakini lisiondolewe kabla ya wanaolitegemea kusikilizwa.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yatampendeza kila mtu. Huko tulikokutaja yalichukua miaka, na hata baada ya kupatana watu waliendelea kubishana juu ya ankara. Lakini siku kipimo kipya kilipoanza, treni ziliendelea kwenda, kwa sababu kila aliyeketi mezani alijua fungu lake ni lipi na limepatikanaje.

Miaka kumi iliyopita wazee wetu waliunganisha vyama ambavyo kila kimoja kilikuwa kikiuza peke yake na kupunjwa peke yake. Hawakuunganishwa na mapenzi matupu. Waliunganishwa na mizani waliyoiamini wote. Kesho, mtakapoinua mikono, msitazame nani amependekeza, tazameni mizani. Na chama kile cha mlimani ambacho ghala lake lilibaki tupu msimu uliopita, wajumbe wake wameketi nasi hapa leo, safu ya nyuma. Tumefurahi kuwaona. Twatumaini msimu ujao lori litapanda kwenu, na litashuka limejaa.

Idumu Ushirika.